Tumbo Tupu la Siafu

Asubuhi ile kabati la chakula lilikuwa limefungwa kwa mnyororo wa baiskeli, na ufunguo wake ulikuwa unaning'inia shingoni mwa mama wa nyumba hiyo kama medali. Hata chumvi ilikuwa kifungoni.

Bibi Mwiko aliutazama mnyororo ule kwa jicho la mtu aliyetukanwa hadharani. Alikuwa amepika katika shule ya bweni maisha yake yote ya kazi, kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani. Jina la Mwiko walimpa wanafunzi, na alipostaafu likamfuata mpaka kwa mwanawe, likaingia ndani kabla ya mizigo. Jikoni mwake ilikuwepo sheria moja tu: mtoto hatoki mlangoni tumbo wazi. Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kuamuru wachelewaji wanyimwe chakula. Alikula supu isiyo na chumvi muhula mzima, mpaka akili zikamrudia.

Na leo sheria hiyo inavunjwa mbele ya macho yake, tena anayevunjiwa ni mjukuu wake wa pekee.

"Mama, tumeelewana?" mkwe wake aliuliza huku akifunga vifungo vya koti. Mkwe huyu alikuwa mpanga ratiba katika kampuni ya mabasi, na nyumba aliiendesha vivyo hivyo. Chai ilikuwa na saa yake ya kuondoka, ukichelewa unaachwa na mvuke tu. "Mtoto asiguse kitu. Daktari kasema tumbo liwe tupu."

"Tumeelewana, mwanangu. Mimi ni mzee, si kiziwi."

"Sijasema kiziwi. Nasema nakujua."

"Na sisi sote tunafunga naye," alidakia mwanawe kutoka bafuni. Huyu alikuwa fundi wa redio, na kama redio alizozitengeneza, akishawashwa haikuwa rahisi kumzima. "Nyumba nzima. Haiwezekani mtu mzima atafune huku mtoto anamtazama. Mimi mwenyewe maji tu, mpaka atoke kwa daktari."

"Wewe ukikosa chai kichwa kinauma mpaka cha jirani," mkewe alisema.

"Safari hii nimeapa."

Mwenye safari alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, shavu moja limejaa kama ameficha limau. Miaka saba tu, lakini mtaani alikuwa na jina kubwa: Siafu. Alilipata siku alipopelekwa kwa daktari wa meno mara ya kwanza, daktari akaingiza kidole, na kidole kikachelewa kutoka. Mara ya pili hakung'ata mtu. Aliingia chini ya kile kiti kirefu cha matibabu, akakumbatia mguu wake, watu wazima wakaanza kujadiliana kama wakifungue kiti au wamwache mtoto akulie pale.

Ndipo daktari wa meno, huku akikichunga kidole chake, akasema iko njia nyingine. Kuna dawa ya kusinzia inayopitishwa kwenye mshipa wa mkono. Mtoto hazimwi kama taa. Anasinzia kama mtu anayesikiliza hotuba ndefu: yupo, ila hayupo. Ukimwita anaitika, ila hana habari na mtu. Magego mawili yaliyooza yatolewe, yaliyotoboka yazibwe, mambo yaishe kwa siku moja. Miadi waliisubiri sana, na wiki zote hizo Siafu alikuwa anakunywa vya kunywa, anameza vya kumeza, na usiku anaimba wimbo wa jino ambao nyumba nzima ilikuwa imeshaukariri.

Bibi Mwiko hakuwa na ugomvi na dawa. Ugomvi wake ulikuwa na njaa. Kwa hiyo, mkwe alipokwenda kutafuta viatu vyake na fundi wa redio akawa bado anaapa mbele ya kioo, alimwinamia mjukuu wake kana kwamba anamfunga kamba za viatu, akachomoa kitu kutoka mfuko wa sweta.

Lilikuwa yai. Alikuwa amelichemsha jana jioni, kabla kabati halijatiwa mnyororo. Mpishi mzoefu huisikia hatari ikiwa bado barabarani.

"Kula haraka," alinong'ona. "Mama haoni."

"Bibi, daktari kasema..."

"Yai moja halijazi tumbo, mke mwenzangu. Yai si chakula, ni salamu. Tena laini, hata kibogoyo analimudu."

Siafu alimtazama bibi yake. Kisha akalichukua yai, akasema asante, akabeba kibegi chake cha mgongoni na kuingia chooni. Alirudi akijifuta midomo taratibu, kama mtu aliyetoka kwenye karamu. Moyo wa Bibi Mwiko ukatulia, ukavua viatu.

*

Kwenye chumba cha kusubiri kulikuwa na viti vya plastiki, televisheni isiyo na sauti, na juu ya meza mdomo mkubwa wa plastiki wenye meno yote, umeachama kama unadai kitu. Nesi alimpima Siafu uzito. Baba yake alimshikia kibegi, na mama akasimama pembeni akiisoma mizani kama anaidai nauli. Kisha nesi akampaka mafuta mazito nyuma ya viganja vyote viwili, akayafunika kwa plasta inayong'aa.

"Haya ya ganzi," alisema. "Yakikaa hapo kidogo, sindano itapita kama nzi. Utamwona, ila hakusumbui."

"Na hili la kutokula," fundi wa redio aliuliza, kwa kuwa alipenda kujua kila kitu kinavyofanya kazi ndani, "ni kwa sababu gani hasa? Dawa haichanganyiki na chakula?"

"Si hivyo, baba. Mtu akisinzia kwa dawa, koo nalo linasinzia. Chakula kikiwa tumboni kinaweza kupanda. Wewe ukiwa macho kikipanda unakohoa, kinarudi. Aliyesinzia hakohoi vizuri, kwa hiyo kinaweza kuteleza kikaingia kwenye mapafu. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Ndiyo maana tunasisitiza."

Alilisema kwa upole, kama kitu anachokisema kila siku, kisha akaondoka na kopo lake la mafuta.

Kiti cha Bibi Mwiko kikapata moto.

Yeye alidhani ni utaratibu tu, kama ule wa kuwaambia watu wasiongee maktabani. Hakuna aliyemwambia habari za mapafu. Au aliambiwa akiwa anawaza mayai. Akamtazama mjukuu wake, aliyekuwa anaingiza kidole taratibu kwenye mdomo wa plastiki na kukitoa, akijifunza jinsi inavyokuwa kuwa daktari. Ndani ya tumbo lile dogo lilikuwa limekaa yai lake, mviringo, likingoja kupanda.

Sema, akajiambia. Kisha akamtazama mkwe wake, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini, akabadilishana zamu, akapanga siku hii kama anavyopanga mabasi ya sikukuu. Nikisema, tunarudi nyumbani na jino letu. Atanisema mpaka nizeeke mara ya pili. Na nisiposema?

Hapo hapakuwa na hesabu ya kupiga. Aibu ni kitu cha kuvaa na kuvua, pafu la mtoto halina kiraka. Bibi Mwiko akashika mikono ya kiti ili asimame. Hajanyanyuka, mlango ukafunguliwa.

Aliyeingia alikuwa daktari wa usingizi, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba visivyotoa sauti. Kazi yake ilikuwa dawa ile tu. Meno yalikuwa ya mwenzake. Alichuchumaa mbele ya Siafu mpaka macho yao yakalingana. Hakuuliza kama amekula. Swali hilo alikuwa ameliacha zamani, kwa sababu kila familia duniani hulijibu "hapana" kwa pamoja, kama kwaya.

"Mwenzangu," alisema, "leo asubuhi kitamu kilikuwa nini?"

Siafu akafunga mdomo. Akamtazama bibi, akamtazama baba, akamtazama mama, kisha akainamisha kichwa na kuanza kuchunguza plasta zake.

Daktari hakuhimiza. Akangoja tu, na kungoja kwake kulikuwa na makali kuliko maswali ya polisi.

"Ni mimi," Bibi Mwiko alisema, akisimama. "Daktari, usimtie dawa huyo mtoto. Nimempa yai. La kuchemsha. Zima."

Bibi Mwiko akaugeuza uso wake upande wa mkwe ili maneno yampige vizuri, kama mtu anayepokea mvua kwa hiari.

Mkwe akakohoa.

"Na ndizi," alisema.

"Ndizi gani?"

"Ndizi moja, Mama. Ndogo. Nilimpa kitandani kabla sijakuja kukusomea sheria. Alikuwa ananitazama, na lile shavu lake. Ufunguo ulikuwa wangu, ningemnyimaje?"

Macho yote yakamgeukia fundi wa redio, ambaye kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa amezimika mwenyewe.

"Biskuti," alisema hatimaye. "Mbili. Lakini zile nyembamba."

Daktari wa usingizi aliketi sakafuni kabisa. "Kuna mwingine?" aliuliza. "Dereva aliyewaleta? Mlinzi wa getini hakumpa hata karanga?"

Hakuna aliyecheka, maana kila mmoja alikuwa anajua kinachofuata, na daktari akakisema. Yai, ndizi na biskuti ni mlo wa mtu mzima. Hawezi kumtia dawa leo. Itabidi wapange siku nyingine, na siku za karibu zimejaa.

"Lakini sijala," Siafu alisema.

"Mwanangu, usiogope, hatugombani na wewe," mama yake alisema.

"Sijala, Mama." Akalivuta begi lake kutoka mapajani mwa baba yake, akalifungua. Akatoa yai, zima, likiwa limevishwa soksi ili lisivunjike. Akatoa biskuti mbili zilizofungwa katika karatasi ya chooni. Akavipanga juu ya meza, pembeni ya mdomo wa plastiki uliokuwa unavitazama kwa tamaa.

"Nikitafuna inauma," alisema. "Na daktari wa kidole alisema nikila, jino halitoki. Mimi nataka litoke leo."

"Sasa mbona ulijifuta midomo?" Bibi Mwiko aliuliza.

"Ili ufurahi. Mtu akikataa chakula chako unanuna mpaka kesho."

Bibi Mwiko akairekebisha soksi ya yai.

Daktari alikuwa bado anatazama meza. "Yai lipo. Biskuti zipo. Ndizi iko wapi?"

Siafu akalipindua begi, akalitikisa. Ikadondoka penseli, ukadondoka mpira wa kufungia nywele. Ndizi haikudondoka. "Niliiweka humu," alisema, akilichungulia begi. "Kweli niliiweka. Sikuila."

"Nakuamini," daktari alisema. "Lakini mimi simlazi mtoto kwa kuamini. Ngoja."

Alirudi akisukuma kimashine chenye kioo, kile kile kinachotumika kuwaangalia watoto walio tumboni mwa mama zao. Siafu akalazwa, fulana ikapandishwa, tumbo likapakwa jeli baridi.

Bibi Mwiko hakuweza kujizuia. "Mjukuu wangu ana miaka saba, daktari. Unatafuta nini humo?"

"Natafuta ndizi, Bibi."

Kifaa kikatembea juu ya ngozi. Watu wazima watatu walikuwa wamekibandikia kioo macho kama wanaangalia penalti, ingawa hakuna aliyeelewa alichokiona, maana yote yalikuwa mawingu ya kijivu. Bibi Mwiko alikuwa ameushika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Isiwemo, alikuwa anaomba. Maisha yangu yote nimeomba matumbo yajae. Hili moja tu, leo tu, liwe tupu.

"Hili hapa tumbo," daktari alisema, akionyesha kitu kilichojikunja kama soksi iliyovuliwa. "Halina yai, halina biskuti, halina ndizi. Huyu mtoto ni mkweli kuliko ukoo wake wote. Tunaendelea."

Bibi Mwiko alikaa kwa kishindo. Na alipokaa, pua yake, ambayo ilifundishwa kazi na masufuria, ikafanya kazi. Tangu waingie pale ilikuwa inanusa ndizi mbivu, yeye akadhani ni dhamiri. Ikafuata harufu taratibu, kushoto kidogo, mpaka kwenye koti la mwanawe.

"Baba Siafu," alisema. "Mfukoni una nini?"

Fundi wa redio akatoa leso, na ndani ya leso, limekunjwa kwa adabu kabisa, ganda la ndizi.

"Nilikuwa natafuta kitambaa cha kumfuta mtoto, wakati anapimwa uzito," alisema. "Nikaiona humo begini. Nikajua mke wangu kaniwekea kwa siri, kwa sababu ya kichwa changu. Nikasema moyoni, kumbe huyu mwanamke bado ananipenda."

"Na kiapo?" mkewe aliuliza.

"Mapenzi yakija na ndizi, kiapo kinasimama wapi?"

"Ilikuwa ya mtoto."

"Sasa nimejua."

*

Aliyeruhusiwa kuingia na mgonjwa alikuwa mtu mmoja. Siafu hakufikiri sana. "Bibi," alisema. "Yeye ndiye aliyesema ukweli kwanza."

Mkwe akamrekebisha Bibi Mwiko kola ya sweta, kama anayemtuma kikosi cha mbele.

Ndani kulikuwa na kile kiti kirefu, na pembeni yake amesimama daktari wa meno, yule yule wa kwanza, mrefu, mwenye alama ndogo nyeupe kwenye kidole cha shahada. Yeye na Siafu wakasalimiana kwa vichwa, kama mabondia. Daktari wa usingizi akabandua plasta ya mkono wa kushoto, akafuta mafuta, akaanza kuugonga mshipa taratibu.

"Niambie," alisema, "Bibi anapika kitu gani kibaya?"

Siafu akawaza. "Hakuna."

"Lazima kipo. Kila mpishi ana kimoja."

"Labda kabichi."

"Kabichi?" Bibi Mwiko alishtuka. "Kabichi yangu? Wanafunzi walikuwa wanapanga foleni kwa kabichi yangu."

"Walikuwa hawana kwingine kwa kwenda, Bibi."

Bibi Mwiko akaanza kuitetea kabichi, hatua kwa hatua, tangu kukata, na alipofika kwenye kitunguu daktari alikuwa ameshamaliza. Sindano ilikuwa imeingia na kutoka, imeacha kijimrija chembamba ndani ya mshipa, kimebandikwa vizuri. Siafu alikuwa bado anamcheka bibi yake. Hakumwona hata nzi mwenyewe.

Dawa ilikuwa angavu kama maji, na daktari aliisukuma pole pole, akitazama uso wa mtoto wala si bomba la sindano. Macho ya Siafu yakawa mazito. Tabasamu likaja lisilo na anwani.

"Bibi," alisema kwa sauti ya kuburuta, "dari inatembea. Iache ipite." Kisha akamgeukia daktari wa meno. "Samahani kwa kidole."

"Kimeshapona, mama."

"Hakikuwa na chumvi."

Baada ya hapo akaachama mwenyewe, bila kuombwa, kama ule mdomo wa mezani. Daktari wa meno aliingiza kidole kwanza kwa tahadhari, kisha kwa raha. Kidoleni mwa Siafu kulikuwa na kibanio chenye taa nyekundu, na mashine iliyounganishwa nacho ilikuwa inasema ti, ti, ti, bila haraka.

"Na ikinyamaza?" Bibi Mwiko aliuliza. Alikuwa ameushika mkono mwingine wa mjukuu wake, ule usio na mrija.

"Hainyamazi hivi hivi. Ikibadili mlio tu, mimi nimeshajua. Yeye anashughulika na meno, mimi nashughulika na pumzi. Sigeuki nyuma hata nikiitwa."

Bibi Mwiko akaitikia kwa kichwa. Hiyo aliielewa bila kufafanuliwa. "Kama maziwa jikoni."

"Hasa. Ukigeuka tu, yamefurika."

Wakatazama maziwa yao pamoja. Kila baada ya muda daktari aliita, "Siafu, inua kidole gumba," na kidole kikainuka, kivivu, kama mwanafunzi anayejibu akiwa na kichwa juu ya dawati. Magego mawili yakaangukia kwenye kisahani, meusi, madogo. Bibi Mwiko alishangaa kwamba vitu vidogo hivyo ndivyo vilivyokuwa vinaiamsha nyumba nzima.

*

Siafu alizinduka katika chumba cha pembeni, kitandani, mama upande mmoja na baba upande wa pili. Akajishika shavu.

"Mtaanza lini?" aliuliza, kwa mdomo uliolegea upande.

Wakamwonyesha kichupa chenye magego yake. Akakigeuza geuza, akatafuta kumbukumbu, hakuikuta. Hakukumbuka dari, hakukumbuka chumvi. Kabichi tu aliikumbuka, kwa bahati mbaya ya mtu fulani.

Bibi Mwiko alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma. Alimgeukia daktari wa usingizi na kufanya jambo ambalo hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kulishuhudia: aliomba ruhusa. "Daktari, mtoto anaweza kula sasa?"

"Maji kidogo kwanza. Yakikaa vizuri, na ganzi ikiisha, ndipo kitu laini cha uvuguvugu. Kabla ya hapo atajing'ata mdomo."

"Kung'ata anajua," daktari wa meno alisema kutoka mlangoni.

Mkwe alivua ufunguo shingoni, akamvisha Bibi Mwiko. "Mama, tukifika utafungua wewe. Mimi na huyu mwanao mla ndizi tutakaa mezani tungoje tutakachopewa."

"Hata kabichi?" fundi wa redio aliuliza.

"Hasa kabichi."

Wakaanza kukusanya vitu. Siafu, akiwa bado mzito wa kope, alivuta begi lake, ambamo vyote vilikuwa vimerudishwa, akatoa yai kwenye soksi, akaligonga kwenye ukingo wa kitanda, akalimenya kwa makini mpaka likabaki jeupe, linang'aa. Akamnyooshea bibi yake.

"Mimi nimefunga, mke mwenzangu," Bibi Mwiko alisema, ingawa tumbo lake lilijibu tofauti, tena kwa sauti.

Siafu akamvuta mkono wa sweta mpaka sikio likafika karibu.

"Kula haraka," alinong'ona. "Mama haoni."

Mama alikuwa amesimama pale pale, hatua moja tu kutoka kitandani. Akageuka, akaanza kulisoma kwa makini sana tangazo la mswaki lililobandikwa ukutani.